Kutoka hezi hadi pikseli: mwongozo kamili wa kuhamisha namba kati ya skeli ya rula na skeli ya logi

Ikolaiza (programu ya kurekebisha sauti) ya kwanza niliyoiandika ilikuwa na kitelezi kimoja tu: buruta kushoto upate besi, buruta kulia upate trebo. Nikampa fundi mitambo mmoja aijaribu. Akasogeza kidole kidogo, besi yote ikapita kama basi la mwendokasi lisilosimama kituoni. "Hii ya kwako ina trebo tupu," akasema.

Alikuwa sahihi. Kitelezi kilikuwa na upana wa pikseli 800, kikianzia Hz 20 hadi Hz 20,000 (hezi, yaani mitetemo kwa sekunde), nami nilikuwa nimeugawa umbali huo sawasawa, kama rula. Kwa mgawo huo, kila kilicho chini ya Hz 440, yaani ngoma, gitaa la besi na noti nyingi za mwanaume anayeimba, kinabanwa ndani ya pikseli 17 za mwanzo. Kidole cha mtu ni kinene kuliko hapo. Pikseli 783 zilizobaki ni za trebo.

Tiba yake ni skeli ya logi, ambayo kila umbali sawa ni kuzidisha kwa namba ileile badala ya kuijumlisha, na fomula yenyewe haizidi mistari miwili. Kinachowasumbua watu ni mambo yanayoizunguka: sifuri, mistari ya grafu, kuhifadhi thamani, na ile tabia ya kupiga logi mara mbili bila kujijua. Nitatumia JavaScript na mfano wa sauti mwanzo hadi mwisho, ila ukibadilisha hezi ukaweka shilingi au idadi ya watu, hesabu ni zilezile.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji kweli

Swali ni moja: mtumiaji wako anajali tofauti au anajali uwiano?

Sikio linajali uwiano. Kutoka Hz 100 kwenda Hz 200 linasikia oktava moja, na kutoka Hz 1,000 kwenda Hz 2,000 linasikia oktava moja pia, ingawa mruko wa kwanza ni wa hezi mia na wa pili ni wa hezi elfu. Mpiga kinanda analijua hili kwa vidole. Kutoka noti ya A ya Hz 220 hadi A ya Hz 440 mkono unatanuka umbali uleule kama kutoka 440 hadi 880. Kila kitufe, cheupe au cheusi, kinazidisha masafa (hezi) ya kile kilichotangulia kwa takribani 1.0595, na baada ya vitufe 12 umefika mara mbili. Kwa hiyo kinanda ni skeli ya logi iliyochongwa kwa mbao, miaka mingi kabla hatujawa na skrini.

Fedha nazo zina tabia hiyo. Mtu anayechagua mkopo kati ya 10,000 na 20,000 anaona tofauti kubwa, ila kati ya 1,000,000 na 1,010,000 hata hasumbuki kubofya. Nyuzi joto za Selsiasi hazimo kwenye kundi hili, kwa sababu sifuri yake imewekwa tu kwenye kuganda kwa maji. Nyuzi 20 si "mara mbili" ya nyuzi 10. Tarehe vilevile.

Kipimo changu cha haraka: gawa thamani kubwa kwa ndogo. Jibu likizidi 100, fikiria logi. Likiwa chini ya 10, achana nayo, utawachanganya watu bure. Katikati ya hapo, chora zote mbili uangalie.

Hatua ya 2: Andika fanksheni mbili, si zaidi

Waliosoma sekondari wakiwa na vitabu vya majedwali ya hesabu wanakumbuka mchezo wenyewe: unatafuta logi ya namba mbili, unazijumlisha, unarudi kinyume kwenye jedwali, tayari umezidisha. John Napier wa Scotland alichapisha majedwali yake mwaka 1614, na Henry Briggs akayaweka kwenye kizio cha kumi tulichokizoea. Sisi tunauchukua ujanja huohuo: kuzidisha kukigeuka kuwa kujumlisha, uwiano unageuka kuwa umbali, na umbali ndicho kitu pekee ambacho skrini inakijua.

Safari ina vituo vitatu, na usiruke hata kimoja:

thamani (Hz) → sehemu (0 hadi 1) → pikseli

Hicho kituo cha katikati ndicho kinachookoa kazi. Logi inaishi kati ya kituo cha kwanza na cha pili tu. Kati ya cha pili na cha tatu ni kuzidisha kwa upana, basi. Nimeona msimbo wenye logi, upana, pambizo na pikseli vyote kwenye mstari mmoja, na hakuna aliyethubutu kuugusa tena.

```
const CHINI = 20;
const JUU = 20000;

function kwaSehemu(hz) {
  return Math.log(hz / CHINI) / Math.log(JUU / CHINI);
}

function kwaHezi(s) {
  return CHINI * Math.pow(JUU / CHINI, s);
}
```

Utauliza kwa nini `Math.log`, ambayo ni logi asilia, na si logi ya kizio cha kumi. Haijalishi. Logi moja inagawanywa kwa nyingine, kizio kinajifuta chenyewe. Tumia chochote, ila tumia kilekile juu na chini ya mstari wa kugawa.

Fanksheni ya pili ni kinyume cha ya kwanza: badala ya logi, kipeo. Isome hivi: "anza na Hz 20, kisha zidisha kwa 1,000 iliyopandishwa kwa kipeo cha sehemu ya safari uliyokwisha kwenda." Ukiwa mwanzo kabisa, kipeo ni 0, unazidisha kwa 1. Ukiwa mwisho, kipeo ni 1, unazidisha kwa 1,000.

Hatua ya 3: Ihakiki kwa penseli kabla hujaendelea

Kwa upana wa pikseli 800 unapaswa kupata hivi:

```
Hz 20       sehemu 0        pikseli 0
Hz 200      sehemu 0.3333   pikseli 267
Hz 440      sehemu 0.4475   pikseli 358
Hz 632.46   sehemu 0.5      pikseli 400
Hz 2,000    sehemu 0.6667   pikseli 533
Hz 20,000   sehemu 1        pikseli 800
```

Mstari wa nne ndio wa kuangalia kwa makini. Kwenye rula, katikati ya 20 na 20,000 ni 10,010. Kwenye logi katikati ni kipeuo cha pili cha 20 × 20,000, yaani 632.46 hivi. Ukisogeza kitelezi katikati ukaona elfu kumi na kitu, bado uko kwenye rula. Kuanzia hapo 440 ipo karibu na katikati ya skrini, na fundi wangu ana nafasi ya kuweka kidole.

Kama ni mhimili wa wima, kumbuka skrini inahesabu pikseli kutoka juu kwenda chini. Geuza kwenye kituo cha tatu, `y = urefu * (1 - s)`, usiende kuchezea alama ndani ya logi.

Hatua ya 4: Funga kitelezi, lakini usikiamini

Kitelezi cha HTML chenyewe ni cha rula, na kiache hivyohivyo. Kipe hatua 0 hadi 1,000, kisha gawa kwa 1,000 upate sehemu. Kwa masafa yetu kila hatua inaongeza asilimia 0.69 hivi: kule chini ni hezi 0.14 hivi, kule juu ni zaidi ya hezi 130 kwa hatua moja, na sikio linazisikia kuwa sawa. Hatua nane au tisa ndizo zinazotimiza kitufe kimoja cha kinanda. Inatosha kabisa.

Sasa tatizo. Mtumiaji anaandika 440 kwenye kisanduku cha pembeni. Unakokotoa sehemu, 0.4475, kitelezi kinakaa kwenye hatua ya 447 kwa sababu hakina nusu hatua. Halafu msimbo wako unasoma kitelezi ili uonyeshe namba, na kwenye skrini inatokea 438.6. Mtumiaji anaandika tena 440. Inarudi 438.6. Anadhani programu inambishia.

Kwa hiyo thamani halisi ikae kwenye kigeu chake, kwa hezi. Kitelezi ni mlango tu: kinaruhusiwa kubadilisha kigeu pale mtu anapokiburuta mwenyewe, si vinginevyo.

Kosa la aina hiyohiyo lilinigharimu zaidi upande wa kuhifadhi. Nilikuwa nahifadhi nafasi ya kitelezi kwenye faili, si hezi. Miezi kadhaa baadaye nikaona Hz 20 ni chini mno kwa spika za watu wengi, nikapandisha mwanzo hadi 30. Kila mpangilio uliokuwa umehifadhiwa kwenye nafasi 447, yaani Hz 439, ukafunguka ukiwa Hz 549. Karibu vitufe vinne vya kinanda, kwa kila mtu, usiku mmoja. Hifadhi thamani kwa kipimo chake halisi, kwetu hapa hezi. Nafasi ni jambo la skrini, na skrini hubadilika.

Unapoonyesha namba, zungusha kwa tarakimu zenye maana, si kwa desimali. Tarakimu tatu zinafaa: 43.7, 438, 4,390. Kwenye JavaScript `toPrecision(3)` inafanya hivyo, ila kwa 12345 inakupa maandishi `1.23e+4`, kwa hiyo ipitishe kwenye `Number()` kwanza. Na weka `aria-valuetext` ili asiyeona asomewe "hezi 440" badala ya "447".

Hatua ya 5: Mistari ya grafu

Kwenye rula unaweka mistari kila baada ya umbali sawa. Kwenye logi, mpangilio unaosomeka vizuri ni 1, 2, 5: kwetu hapa ni 20, 50, 100, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000, 10,000, 20,000. Unajua kwa nini macho yanaukubali? Logi ya 2 ni 0.3010 na ya 5 ni 0.6990, zilezile za kwenye jedwali, kwa hiyo kila mruko wa mara kumi unagawanyika karibu theluthi kwa theluthi.

Zizalishe kwa kuzunguka kwenye vipeo kamili:

```
for (let k = 1; k <= 4; k++) {
  for (const m of [1, 2, 5]) {
    const hz = m * Math.pow(10, k);
    if (hz >= CHINI && hz <= JUU) chora(hz);
  }
}
```

Usikokotoe kipeo kwa `Math.log(x) / Math.LN10` kisha ukakata desimali. Jaribu kwa 1,000: kompyuta inakujibu 2.9999999999999996, ukikata unabaki na 2, na mstari wa elfu moja unapotea. Python nayo inafanya vilevile ukiandika `math.log(1000, 10)`. Tumia `log10` iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, inakupa 3 safi. Bagi hii ni ya kuudhi kwa sababu 100 inapita salama, unajiona umemaliza, kumbe bado.

Hatua ya 6: Data inayokuja kwa rula, skrini ya logi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo miongozo mingi huishia njiani.

Tuseme unataka kuonyesha sauti inayopigwa sasa hivi, ule mchoro unaocheza. Kivinjari kinakupa uchambuzi wa Fourier, unaoigawa sauti katika masafa yake, kupitia zana zake za sauti ziitwazo Web Audio: visanduku 1,024 vya masafa ukitumia ukubwa wa 2,048. Visanduku hivyo vimepangwa kwa rula. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde kila kimoja kina upana wa 44,100 ÷ 2,048, yaani Hz 21.53.

Sasa vitandaze kwenye mhimili wetu. Theluthi ya kwanza ya skrini, kutoka Hz 20 hadi 200, pikseli 267, ina visanduku 9. Theluthi ya mwisho, kutoka 2,000 hadi 20,000, pikseli 267 vilevile, ina visanduku 836. Upande mmoja njaa, upande mwingine msongamano.

Mara ya kwanza nilichukua kisanduku kilicho karibu zaidi na kila pikseli. Besi ikatoka kama ngazi za ghorofa. Kule juu ikawa mbaya zaidi, maana visanduku vilirukwa, na mlio mwembamba wa kayamba ulikuwa unaonekana na kupotea kutegemea kama pikseli iliangukia juu yake.

Dawa ni kuuliza kila pikseli inafunika visanduku vingapi:

```
const hatua = 44100 / 2048;
for (let px = 0; px < upana; px++) {
  const a = kwaHezi(px / upana) / hatua;
  const b = kwaHezi((px + 1) / upana) / hatua;
  let v;
  if (b - a < 1) {
    const i = Math.floor(a);
    v = data[i] + (data[i + 1] - data[i]) * (a - i);
  } else {
    v = -Infinity;
    for (let i = Math.floor(a); i < b; i++) {
      v = Math.max(v, data[i]);
    }
  }
  chora(px, v);
}
```

Pikseli ikiwa nyembamba kuliko kisanduku, tunakadiria kati ya majirani wawili. Ikiwa pana, tunachukua kilicho kirefu zaidi. Kwa upana wa 800 mpaka wa kuvuka upo karibu na Hz 2,500. Wengine huchukua wastani badala ya kirefu. Wastani unalainisha mchoro lakini unameza kayamba, nami kayamba nataka kuiona. Na ukadiriaji wa kule chini usikudanganye: mchoro umekuwa laini, taarifa haijaongezeka. Ukitaka besi ya kweli, ongeza ukubwa wa uchambuzi.

Onyo kuhusu mhimili wa wima: `getFloatFrequencyData` inakuletea desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti, na desibeli tayari ni logi. Chora kwa rula. Ukipiga logi juu ya logi, mchoro utatoka na utapendeza, na utakuwa uongo. Pia kukiwa kimya kabisa itakuletea `-Infinity`. Kata kwenye -100 kabla hujachora.

Hatua ya 7: Sifuri na hasi

Logi ya sifuri haipo. JavaScript inarudisha `-Infinity`, na kwa namba hasi inarudisha `NaN`, ambayo husambaa kimyakimya hadi grafu nzima inapotea bila ujumbe wowote wa hitilafu.

Kwa masafa tumepona, hayashuki chini ya 20. Kwa kitelezi cha sauti hatujapona, kwa sababu watu wanataka kuizima kabisa. Ukikipanga kutoka desibeli -60 hadi 0, ukuzaji (namba ya kuzidishia sauti) ni kumi kwa kipeo cha desibeli gawa kwa 20, na mwisho wa chini unabaki 0.001, bado unasikika kwenye hedifoni. Weka sharti: nafasi ikiwa 0, ukuzaji ni 0. Mpango huo una kasoro nyingine, kwamba katikati ya kitelezi ni -30, kimya mno. Mimi siku hizi natumia nafasi kwa kipeo cha tatu. Katikati inatoa 0.125, sawa na desibeli -18, sifuri ni sifuri, na hakuna sharti la kuandika. Si logi, lakini mkono unaikubali.

Data yenye hasi na chanya, mfano faida na hasara, inahitaji skeli iliyo rula karibu na sifuri na logi ikienda mbali:

```
const mbele = x => Math.sign(x) * Math.log1p(Math.abs(x) / c);
const nyuma = y => Math.sign(y) * Math.expm1(Math.abs(y)) * c;
```

D3 na Matplotlib, maktaba za kuchora grafu, zinayo tayari, zote zikiiita symlog, ingawa kila moja ina hesabu yake ya ndani. Kigezo `c` ndicho kinachoamua rula inaishia wapi, na lazima ukichague kwa kuitazama data yako. Kuongeza 1 kwa kila namba ili kukwepa sifuri ni njia ya mkato inayopendwa sana. Kwa idadi ya watu haina madhara makubwa. Kwa vipimo vya 0.001 inafuta kila kitu, kwa kuwa 1.001 na 1.002 kwenye grafu ni nukta moja.

Na tafadhali, usichore pau kwenye skeli ya logi. Urefu wa pau unasomwa kutoka sifuri, na sifuri haipo. Tumia nukta.

Hatua ya 8: Kukuza na kusogeza

Mtumiaji akikuza mchoro kwenye kidole kilichopo Hz `c`, dirisha la `a` hadi `b` linabadilika kwa vipeo, si kwa kutoa:

```
const a2 = c * Math.pow(a / c, k);
const b2 = c * Math.pow(b / c, k);
```

`k` ikiwa chini ya 1 unakaribia. Ukikuza kwa 0.5 ukiwa katikati, 20–20,000 inakuwa takribani 112–3,557, na Hz 632 haitikisiki. Kusogeza pembeni ni kuzidisha `a` na `b` kwa namba moja ileile. Ukisogeza kwa kujumlisha, mwisho wa chini utavuka sifuri mara moja na utarudi kwenye `NaN` za hatua ya 7.

Hatua ya 9: Jaribio la kwenda na kurudi

```
for (const hz of [20, 31.5, 440, 632.46, 9999, 20000]) {
  const rudi = kwaHezi(kwaSehemu(hz));
  if (!(Math.abs(rudi / hz - 1) < 1e-9)) throw new Error("imepotea: " + hz);
}
```

Linganisha kwa uwiano, usitumie `===`, desimali za mwisho hazitalingana. Na hiyo `!` ya mbele nimeiweka makusudi: `NaN` haiwi ndogo wala kubwa kuliko chochote, kwa hiyo ukiandika `> 1e-9` itapita langoni bila kusimamishwa.